Mapine, mafuta ya moteri na esansi: gisi ya kulinda gari yako mu barabara za Goma

Kama unaendesha gari hapa Goma unajua ile kelele. Pine inapita pembeni ya jiwe la volkano, jiwe linakwaruza, halafu unasikia pssss chini yako, na pale pale unaanza kujiuliza kwado (fundi wa mapine) wa karibu iko wapi na kama pine ya akiba iko na hewa ama hapana. Mimi niliendesha Noah ya kubeba watu kwenye njia ya Sake miaka mingi na sasa niko na RAV4 yangu, na pesa yenye nimepoteza kwenye gari karibu yote imepitia mu vitu vitatu: pine, mafuta ya moteri na esansi. Vyote vitatu unaweza kuvikagua kwa macho na mikono yako mbele ya kulipa, bila mashine yoyote. Njo maana naandika hii kwa urefu, kwa mwenye anataka kununua gari ya kwanza na hata kwa shofere wa zamani.

Mapine kwanza

Mawe ya hapa si kama mawe ya mto yenye yameviringika. Hii ni lava iliyopoa, iko na matundu matundu na kila tundu iko na ncha inayokata. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena ikakata barabara ya kwenda Rutshuru, na njia nyingi za mu kartie ni lava ile ile watu wameisawazisha wakaanza kupita juu. Sasa jiwe kama lile halitoboi pine kama musumari, linaikata mbavuni, na mbavu ya pine ndiyo sehemu nyembamba na ndiyo sehemu yenye kwado hawezi kutengeneza. Kwa hiyo kuchagua pine ya Goma ni kufikiria mbavu mbele ya kufikiria meno.

Soma maandishi ya pembeni. Tuseme imeandikwa 195/65 R15 91H. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa mbavu kwa asilimia ya ule upana, R ni gisi nyuzi za ndani zimepangwa, 15 ni janti kwa inchi. 91 ni uzito, maana yake kilo 615 kwa pine moja, na H ni mwendo wa mwisho, kilometa 210 kwa saa, yenye hakuna mutu ataifikisha hapa. Ile namba ya katikati njo ya kuangalia sana. 65 kwenye pine ya 195 inakupa mbavu ya karibu sentimita 12 na nusu, lakini kijana mwenye anaweka janti kubwa za kupendeza na pine ya 215/45 amebaki na mbavu yenye haifiki sentimita 10. Shimo moja la Ndosho linabana ile pine kati ya jiwe na janti na inapasuka. Baki na saizi yenye kiwanda iliandika, utaikuta kwenye karatasi ndogo imebandikwa pale mlango wa shofere unafungia, na kama karatasi inaruhusu saizi mbili chagua yenye mbavu ndefu.

Kama gari yako inabeba watu na magunia, angalia herufi C mwishoni mwa saizi, mfano 195 R15C. Ile C ni pine ya kubeba mizigo, nyuzi zake ni nguvu zaidi. Hiace yenye imevalishwa pine za kawaida za gari ndogo juu ziko bei ya chini, kisha ikabeba watu na viazi kutoka Masisi, ni hatari kwa wote wenye wako ndani.

Sasa umri. Tafuta neno DOT kwenye mbavu, mwisho wake kuna namba nne ndani ya kiduara. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia vizuri juu mara nyingi tarehe inaandikwa upande mumoja tu wa pine, na muuzaji mwenye anajua atakuonyesha ule upande mwingine. Mwambie ageuze. Kuanzia miaka 6 kagua kwa makini kila mara, ikifika 10 iache hata kama meno yamejaa, juu mpira unakauka na kupasuka pasuka ndani mbele ya kuonekana inje.

Mimi hiyo somo niliipata vibaya. Nilinunua mapine mawili ya okazyo, yaani yenye yametumika, meusi yanang'aa, meno marefu, bei nzuri. Wiki tano baadaye, tunakaribia Sake na watu saba ndani, ile ya nyuma upande wa kushoto ilipasuka. Mungu alitusaidia tulikuwa polepole, hakuna mwenye aliumia, lakini kulikuwa mama mumoja na mtoto mugongoni na mikono yangu ilitetemeka mpaka nikashindwa kufungua bulo. Njo hapo nikaangalia: pine ilikuwa na miaka 11, na meno yale marefu yalikuwa yamechongwa na kisu cha moto.

Gisi ya kujua pine imechongwa: ingiza kidole mu mfereji wa meno. Mu pine ya kweli chini ya mfereji ni laini na sawa, na kila baada ya nafasi fulani utagusa kinundu kidogo kinavuka mfereji, kile ni alama ya kiwanda, kimo chake ni milimita 1.6, meno yakilingana nacho pine imekwisha. Mu pine ya kuchongwa kile kinundu hakiko ama kimekatwa katikati, kingo za mfereji zinapinda pinda, na wakati mwingine ukichungulia utaona nyuzi. Pine za malori kadhaa zinatoka kiwandani zimeandikwa REGROOVABLE, zile zinaruhusu kuchongwa, za gari ndogo hapana kabisa. Kisha pinda mpira kwa nguvu na dole gumba, ukiona vipasuko vidogo vidogo kama udongo wa kiangazi acha. Pitisha kiganja ndani ya pine pia, kiraka kikubwa mbavuni ni sababu ya kuondoka pale. Na ile rangi ya kung'aa ifute na kitambaa, usinunue kung'aa.

Okazyo zenye zinatoka Ulaya zingine ziko na alama ya mlima na theluji. Ile ni pine ya baridi, mpira wake ni laini, hapa kwetu itaisha haraka sana. Na kama umepata pesa ya mapine mawili mapya tu, weka nyuma. Najua watu wengi wanaweka mbele, lakini nyuma ikiteleza kwenye mvua gari inazunguka na hauna kitu cha kufanya, mbele ikiteleza unaweza kupunguza mwendo na kurudi. Kwa gari zenye zinavuta na magurudumu yote ine wakati wote, mapine yote yalingane saizi na kuisha kwake, tofauti kubwa inaumiza mitambo ya chini.

Hewa

Hewa ni bure karibu, na ndiyo yenye watu wanaisahau. Nunua kipimo chako mwenyewe cha hewa, kidogo kile cha mufukoni, usitegemee cha kwado juu kimeanguka chini mara nyingi. Pima asubuhi mbele ya kutembea, pine ikiwa baridi. Namba iko kwenye ile karatasi ya mlango, mfano bar 2.2 ambayo kwa kipimo cha psi ni 32, na kama utabeba watu wengi kuna namba ya pili ya juu zaidi, tumia ile. Ukipima pine yenye imetoka safari utapata namba kubwa, usitoe hewa, ikipoa itakuwa chini ya kipimo.

Shofere wengi wa hapa wanapunguza hewa ili gari "isirukeruke" juu ya mawe. Naelewa, kiuno kinauma, lakini pine yenye hewa kidogo inalala mbavu inje, mbavu inakutana na ncha za mawe, na pia inapata joto sana kwenye lami ya Sake. Kama njia ni mbaya punguza mwendo, hewa iache.

Kila mwezi, na siku yoyote umegonga shimo kubwa, zunguka gari na taa ya simu. Kuisha pande zote mbili ni hewa kidogo. Kuisha katikati ni hewa nyingi. Kuisha upande mumoja ni paralelisimu, yaani magurudumu hayaelekei sawa, peleka garaje mwenye iko na mashine. Kuisha madoa madoa mara nyingi ni amortiseri zimechoka. Ukiona tumbo limevimba mbavuni, nyuzi za ndani zimekatika, hiyo pine usiende nayo hata Birere. Kila kilometa 8,000 mpaka 10,000 badilisha za mbele ziende nyuma, kama mapine yako na mshale hakikisha mshale unaelekea mbele.

Kwa kwado: kitobo cha kwenye meno kinatengenezeka, na kiraka cha ndani ni bora kuliko ile kamba ya kusukuma kutoka inje, yaani afungue pine, aangalie ndani, abandike. Akikuambia ataweka shambre (mupira wa ndani wa hewa) ndani ya pine yenye haitumiagi shambre, kubali ya kukufikisha nyumbani polepole, usikae nayo miezi. Akimaliza, bulo zifungwe kwa kuruka ruka upande na upande, kama kuchora nyota, na ukishatembea kilometa 50 hivi simama uzikaze tena. Gurudumu kutoka njiani si hadithi, nimeona.

Mafuta ya moteri

Hapa kosa la kwanza ni kununua kwa kuangalia bido nzuri. Angalia maandishi mawili. La kwanza ni unene: 5W-30, 10W-40, 15W-40, 20W-50. Namba mbele ya W ni gisi mafuta yanatembea wakati wa baridi, ya nyuma ni unene wakati moteri iko moto. Goma iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, usiku kuna kibaridi lakini hakuna barafu, kwa hiyo ile namba ya kwanza haitusumbui sana. Ya pili inatusumbua. Moteri nyingi za Toyota za kuanzia miaka ya 2000 zimetengenezwa kwa 30, njia za mafuta ndani yake ni nyembamba, na fundi mwenye anamwagia kila gari 20W-50 juu "ni nzito inalinda" anaiumiza. 20W-50 iko na kazi yake, mu moteri ya zamani yenye imechoka na inakula mafuta. Kitabu cha gari kinasema, na mara nyingi hata kifuniko cha kumwagia mafuta kimeandikwa.

Neno la pili ni API na herufi mbili. S ni ya esansi, C ni ya mazutu (dizeli). Herufi ya nyuma ikisonga mbele mu alfabeti ni kiwango kipya zaidi: SN ilianza 2010, SP 2020. Ukikuta bido imeandikwa SF peke yake, kile ni kiwango cha magari ya miaka ya 1980, usiweke mu gari ya 2008.

Juu ya mafuta ya uongo, kwa kweli inaniuma. Bido tupu zinaokotwa garaje, zinajazwa mafuta ya zamani yaliyochujwa, zinafungwa upya. Nunua mahali wanakupa faktire. Angalia pete ya kifuniko kama haijakatika, karatasi ya ndani imeshikana sawa, namba zimeandikwa kwenye bido na hazifutiki na kidole. Mimi nikimaliza bido yangu naitoboa na musumari mbele ya kuitupa. Ukifanya vile wewe pia, kuna gari ya mutu moja imeokoka.

Kupima: gari mahali sawa, si kwenye mteremko, zima moteri, ngoja dakika 5 mpaka 10, toa kijiti, futa, rudisha mpaka mwisho, toa tena, soma. Iwe kati ya alama mbili. Kutoka ya chini kwenda ya juu kwa gari nyingi ndogo ni karibu lita moja, kwa hiyo usimwage bido yote, kuzidisha ni kubaya kama kupunguza. Ukiona mafuta yamekuwa kama maziwa, maji yameingia, usiwashe. Ukisikia harufu ya esansi, fundi aangalie. Mazutu ikigeuza mafuta nyeusi siku chache tu, hiyo ni kawaida. Na ile taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, zima moteri hapo hapo, hata kama umebakiza metre mia mbili kufika kwako.

Vidanje, yaani kubadilisha mafuta ya moteri, unaweza kuifanya wewe mwenyewe:

1. Washa moteri dakika 5 mafuta yapate joto, zima. Vuta freni ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, mawe hapa hayakosi. Usiingie hata siku moja chini ya gari yenye imesimamishwa na kriki peke yake, weka vigingi vya nguvu vya kushikilia gari.
2. Weka beseni, fungua bulo ya chini ya karteri polepole, ngoja dakika 15 yatoke yote.
3. Fungua filtri ya zamani na uhakikishe mpira wake umetoka nayo. Ukibaki juu ya moteri na ukaweka filtri mpya, mipira inakuwa miwili na mafuta yote yatatoka njiani.
4. Paka mpira wa filtri mpya mafuta kidogo, kaza na mkono tu. Rudisha bulo na chuma chake kipya cha kuzuia, usikaze kwa hasira.
5. Mwaga kidogo chini ya kipimo cha kitabu, pima, ongeza. Washa dakika moja, angalia chini kama hakuna tone, zima, ngoja, pima tena. Andika kilometa kwenye kipande cha skochi ukibandike pale kifuniko.

Kwa vumbi yetu na foleni za rond-point mimi nafanya kila kilometa 5,000, hata mafuta yakiandikwa 10,000. Filtri ya hewa ifungue kila vidanje, ipulize kutoka ndani kwenda inje, ile ya karatasi usiioshe na esansi.

Mafuta ya zamani usimwage mu mifereji ya lava nyuma ya nyumba. Yanashuka, na chini kuna ziwa lenye watu wanachota maji ya kunywa. Weka mu bido yenye kufunga, umpe fundi mwenye anayatumia.

Esansi na mazutu

Esansi ya Goma inatoka mbali, bandari ya Mombasa ama Dar es Salaam, na malori yanavuka nchi mpaka kufika huku. Ikifika inabadilisha mikono mara nyingi, na kila mkono unaweza kuongeza kitu. Maji. Petroli ya taa. Kwa wenzetu Kadhafi, wauza esansi wa barabarani wenye bido za manjano, siwezi kusema wote ni wabaya, kuna siku estasyo zimekauka na wao njo wanakuokoa. Lakini kagua.

Chukua chupa ya plastiki safi, ya maji ya kunywa, yenye haina rangi. Mwambie muuzaji akuwekee kidogo, simamisha chupa mahali pametulia dakika 15. Maji ni mazito kuliko esansi, yatashuka chini, utayaona kama shanga za kioo. Mazutu yenye maji inakuwa na ukungu, haipitishi mwanga. Kisha dondosha tone moja la esansi kwenye karatasi nyeupe, pepea mpaka ikauke. Safi inaruka yote, karatasi inabaki karibu kama ilivyokuwa. Kukibaki doa la mafuta, kuna petroli ya taa ama mazutu ndani. Ukishatumia esansi kama ile utajua: asubuhi gari inakataa kuwaka, mlima wa Mont Goma inagongagonga ndani, nguvu hakuna.

Kwenye estasyo hakikisha ponpi inaanza na sifuri, na ukikuta lori la kujaza linamwaga mu tangi ya chini ngoja ama nenda kwingine, uchafu wa chini umekorogwa. Kule kujaza asubuhi sana eti unapata nyingi, achana nako, tangi ya chini ya ardhi joto lake halibadiliki sana. Usiache tangi yako kushuka chini ya robo, ponpi ya umeme ya ndani inapozwa na ile ile esansi, na uchafu wote umekaa chini. Wenye mazutu, filtri yenu iko na kifunguo cha chini cha kutoa maji, kifungue kila vidanje. Na kama wamekosea wakakuwekea esansi mu gari ya mazutu, usiwashe, hata kufungua kontakti usifungue, sukuma pembeni watoe yote.

Kuhusu kuweka bido za esansi nyumbani, naomba sana. Nyumba zetu nyingi ni za mbao juu ya mawe, zimebanana, mbabula inawaka mlangoni. Mvuke wa esansi haupandi, unatambaa chini kama maji mpaka unakuta moto. Kama ni lazima uwe na bido, iwe inje, kivulini, imefungwa, mbali na jiko na mbali na watoto, na wakati wa kuijaza iweke chini, juu ya udongo, usijaze ikiwa ndani ya gari.

Na vijana wenye mnanyonya mupira na mdomo ili esansi itoke: tumieni ile ponpi ya mkono. Tone kidogo likishuka mu mapafu badala ya tumbo linayachoma, na mutu anaweza kufa nalo siku zinazofuata. Mwenye amemeza musimtapishe, musimpe maziwa, ile kutapika njo inapeleka esansi mu mapafu. Akae wima, avuliwe nguo zenye zimelowa, apelekwe hospitali pale pale hata kama anasema anajisikia sawa, na mumwambie daktari ni esansi ama mazutu, na ni saa ngapi alimeza.